Bwana Radi Amening'inia

Leo nimechekwa na mji mzima, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Nimeona afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wauza ndakala, wale dagaa wakavu, maana sokoni habari haikai siku moja bila kutiwa chumvi. Ninyi mlikuwa bandarini, zamu ya meli ya Kigoma, hamkuona. Basi kaeni. Nitasema yote mara moja, halafu sitaki maswali.

Nianze na mama mkwe. Odila, mke wangu, alikwenda kwao Nyunzu kujifungua. Alijifungua salama. Mtoto akaanza kucheka, akaanza kukaa, akatoa meno, na Odila bado yuko Nyunzu. Kila nikituma neno kwa watu wa treni, jibu linalorudi ni lile lile: "Mama anasema bado." Bado nini, halisemwi. Mwisho nikaletewa jibu refu kidogo. Mama anasema atakuja mwenyewe aone ni mutu wa namna gani anayetaka kurudishiwa binti yake. Anasema siku ya harusi ulisema sana.

(Kweli nilisema sana. Nilitoa hotuba. Supu ilipoa.)

Ijumaa wakashuka kituoni: Mama Veronika mbele, Odila nyuma yake, mtoto mgongoni. Mama akaitazama nyumba yangu. Akatazama paa, akatazama jiko, akafunua mtungi wa maji akachungulia ndani. Halafu akaketi. Mnajua heshima ya mkwe ilivyo kwetu. Simtazami usoni, sili naye, sipiti mbele yake. Nikitaka kumwambia neno namwambia Odila, na Odila anamwambia yeye, hata kama chumbani tumo sisi watatu tu.

"Mwambie bwana yako," mama akasema, na mimi nimesimama pale pale mlangoni, "Jumanne nitarudi na treni. Tutarudi wote, ao nitarudi peke yangu. Nitaona."

"Mama anasema ataona," Odila akaniambia.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angekaa kimya mpaka Jumanne. Angepasua kuni. Angembembeleza mtoto mahali ambapo anaonekana. Mimi nilikuwa na mchezo wa kuigiza Jumapili, nikaona Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga. Nikamwambia Odila, "Mlete mama mchezoni. Kaa naye mbele kabisa. Usimwambie kwamba shujaa ni mimi. Atajua mwishoni nitakapofunua uso."

"Una hakika?" Odila akauliza.

Nikamwambia nina hakika.

Mchezo wenyewe niliutunga mimi. Mnakumbuka lile sanduku la sabuni lililopasuka ghalani? Sabuni zilikuwa zimefungwa kwa gazeti la picha la huko ng'ambo, kwa lugha ambayo hapa Albertville hatukupata mtu wa kuisoma. Katika picha kulikuwa na mwanamume anayeruka angani bila mabawa. Amevaa joho, amefunika macho kwa kitambaa, ngumi mbele, nyumba chini yake ndogo kama viberiti. Nililipenda sana gazeti lile. Ukurasa wenyewe ulikuwa umechanika. Yule mbaya anayekwenda kupigwa alikuwa upande uliopotea, umebaki mkono wake tu. Mimi sikujali. Mkono ulinitosha.

Nikatunga wangu. Shujaa anaitwa Bwana Radi. Anaruka. Ana joho jekundu (lilikuwa rido, pazia la dirisha letu la chumbani). Ana kitambaa cheusi usoni chenye matundu ya macho. Mbaya anaitwa Mwizi wa Ziwa. Ameiba samaki wote wa Tanganyika, amewaficha ndani ya pango, watu wanalala na njaa. Bwana Radi anashuka kutoka angani, anampiga ngumi, anarudisha samaki, anatoa hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu.

Bwana Radi ni mimi, hilo halikuwa na majadiliano. Kumpata Mwizi wa Ziwa ndiyo ilikuwa kazi. Makarani wenzangu walikataa mmoja mmoja, kwamba mtu hawezi kutoka kwenye misa akaenda kuwa mwizi mbele ya watu. Nikamwendea Ramazani, yule wa vitambaa sokoni. Babu zake walivuka ziwa zamani na biashara, nao wote wamekuwa watu wa mitumbwi. Yeye peke yake anauza vitambaa, na samaki hali. (Mimi miaka yote nilidhani anaogopa miiba.) Nilimtaka kwa sababu ya sauti. Akitangaza vitambaa vyake, wanamsikia mpaka stesheni.

Akakubali, kwa masharti yake. Ndevu hanyoi. Kanzu nyeusi anataka mpya, na mchezo ukiisha anabaki nayo. Siku ya mazoezi akaniuliza, "Huyu mutu anaiba samaki kwa nini?"

"Kwa sababu ni mubaya," nikamjibu.

"Mubaya wa nini?"

"Mubaya wa kuiba samaki."

Akarudi kujipima kanzu. Nilidhani ameelewa.

Sasa ya leo. Mahali palikuwa ule uwanja nyuma ya ghala, penye boriti iliyotokeza juu ya mlango na kapi ya kupandishia magunia. Kwenye boriti tulitundika turubai, na nyuma ya turubai nilitundikwa mimi. Kazi ya kamba alipewa Petro, mbeba magunia, mnamjua, mikono kama makasia. Mpango ulikuwa hivi. Petro ananipandisha nyuma ya turubai, hakuna anayeniona. Ramazani anasimama mbele ya watu na kusema maneno yake, mistari michache tu, na mwisho anauliza, "Nani ataniweza?" Hapo Petro anaangusha turubai. Mimi naonekana angani, ngumi mbele. Petro ananiteremsha polepole mpaka juu ya Ramazani. Nampiga. Anakufa. Hotuba.

Watu walijaa. Wauza samaki walikuja na Mama Zaina wao, mwenye sauti ya kuamrisha. Watoto walipanda kuta. Mama Veronika alikaa mbele kwenye kiti cha nyumbani kwangu, kikwembe chake kizuri mabegani, Odila na mtoto pembeni yake. Nilimwona kupitia tundu la turubai. Alikuwa amekunja mikono.

Petro akanifunga mikanda ya magunia, mmoja kifuani, mmoja kiunoni, akaniuliza kama inabana. Nikasema haibani. (Ilibana.) Akanivuta juu, akazungusha kamba kwenye nguzo. Nikaning'inia, tumbo chini, kama samaki anayekaushwa. Haidhuru, nikajiambia. Ni mistari michache.

Wavuvi wa mchezo wakapita, wakalia njaa, wakaenda zao. Akaja Ramazani na kanzu nyeusi na tenga la ndakala, samaki aliowaiba. Watoto wakamzomea vizuri sana. Akasimama katikati. Akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka.

Nilisubiri. Yeye pia alisubiri. Kumbe mtu anaweza kupiga kelele sokoni maisha yake yote, na bado watu wakinyamaza kumsikiliza, maneno yanamkimbia. Nikamnong'oneza kutoka juu, "Mimi ni Mwizi wa Ziwa."

"Mimi ni Mwizi wa Ziwa," Ramazani akasema.

"Mimi ni mbaya kuliko wabaya wote," nikanong'ona.

Hilo hakulisikia, kwa sababu Mama Zaina alikuwa ameinuka. Mama Zaina hajapata kuona mchezo, na kwake mtu akisema ni mwizi mbele ya watu, basi kesi imefunguliwa.

"Kwa nini unaiba samaki?" akamuuliza. "Tumekukosea nini?"

Katika maneno niliyotunga, hakukuwa na jibu la swali hilo. Nilimwona Ramazani akilitafuta. Alitazama turubai, akatazama tenga, akatazama watu. Halafu akaweka tenga chini na kuanza kusema, si kwa sauti ya sokoni. Ilikuwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

"Nilikuwa na mudogo wangu," akasema. "Tulikuwa tunavua pamoja, yeye na mimi. Siku moja nilikuwa na homa, akaenda peke yake. Upepo ukaja asubuhi. Mutumbwi ulirudi, yeye hakurudi."

Hakuna nyumba ya ufukweni isiyojua mtumbwi unaorudi peke yake.

"Mchana ule ule nilikwenda kukaa pale kwenye mchanga, nitazame maji," Ramazani akaendelea. "Watu walikuwa wanauza samaki. Walikuwa wanapatana bei, wanacheka, kama jana. Samaki wa siku ile, wa maji yale. Hawakuwa na kosa, hawakujua. Lakini mimi nikasema moyoni, basi, kama mudogo wangu hatoki ndani ya ziwa, kitu kingine kisitoke tena. Njo sababu nikawachukua wote."

"Pole, baba," mwanamke mmoja akasema nyuma.

"Na watoto wetu?" Mama Zaina akauliza, lakini sasa taratibu.

"Ninawasikia wanalia," Ramazani akajibu. "Usiku ninasikia. Ninajua ninafanya vibaya. Kila asubuhi ninasema leo nitawarudisha, na nikinusa tu ile harufu, ninashindwa."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa juu nikisikia yote hayo, na mkanda wa kifuani umenikata pumzi. Nilipata nafasi ya kufikiri. Nilimpa yule shujaa joho, kitambaa, jina na hotuba. Yule mwizi nilimpa ndevu, tena ndevu zenyewe zilikuwa zake. Sasa alikuwa amejibu swali moja tu, na uwanja mzima ulikuwa upande wake, pamoja na wale aliowalaza na njaa.

Na "Nani ataniweza?" hakusema. Ni wazi kwamba hangesema tena. Nikanong'ona, "Petro. Turubai."

Petro hakunisikia. Nikamtazama. Petro, mikono ile, alikuwa analia. Amejifuta kwa shati, kamba ameifunga kwenye nguzo kwa fundo la kukaa usiku kucha, yeye mwenyewe amekaa juu ya gunia kama mtu aliye matangani.

Hapo ningenyamaza. Ningekaa kule juu mpaka watu waende nyumbani, na leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nilifikiri juu ya mama mkwe na juu ya hotuba yangu. Nikatoa sauti ya radi.

"Mwizi, siku yako imefika!"

Petro akashtuka, akavuta uzi wa turubai. Turubai likaanguka.

Mtu akining'inizwa kwa kamba moja, huwa anazunguka. Hilo sikulifikiri siku ya mazoezi. Turubai lilipoanguka nilikuwa nimegeukia ukuta, kwa hiyo kitu cha kwanza watu walichokiona cha Bwana Radi kilikuwa makalio. Nikautangazia ukuta wa ghala kwamba mimi ni mlinzi wa wanyonge. Watu wakaanza kucheka. Nikazunguka polepole, nikawafikia, wakanyamaza, nikasema, "Nimeshuka kutoka mawinguni kumuadhibu huyu," na wakati nasema "huyu" nikawa nimeshafika ukutani tena.

Nilipozunguka mara ya pili, mama mkwe wangu alikuwa amesimama.

Kumbukeni, hakunijua. Nilikuwa na kitambaa usoni. Hangethubutu kunisemesha kama angejua. Alininyooshea kidole.

"Wewe," Mama Veronika akasema. "Unajua kuruka tangu lini?"

Nikasema, "Tangu kuzaliwa, mama."

"Basi asubuhi ile mutoto wa watu anazama, wewe mwenye kuruka ulikuwa wapi?"

Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja.

"Nilikuwa kazini."

Kicheko kilichotoka hapo sitaki kukieleza. Mama Zaina alijipiga mapaja. "Kazi gani hiyo," akasema, "inayomuzuia mutu kuruka?"

Nikamgeukia Petro, yaani nilisubiri mpaka kamba ikanigeuza kwake. "Nishushe," nikamwambia.

Petro akainuka, akashika kamba. Halafu akasita. "Nikikushusha, utamupiga?"

"Ndiyo, Petro. Njo mchezo wenyewe."

"Basi kaa huko kwanza," akasema, akakaa tena juu ya gunia.

Watu wakamuunga mkono. Walisema mwache hapo hapo, hasira zimpoe. Mimi hasira ndiyo kwanza zilikuwa zinapanda. Nikapiga miguu hewani, nikajaribu kuifikia nguzo mwenyewe. Mkanda wa kifuani ukateleza na kunitoka. Ukabaki wa kiunoni. Kichwa kikaenda chini, miguu ikaenda juu. Joho likanifunika, kitambaa cha uso kikaanguka mbele ya mstari wa mbele, nikavuta joho pembeni ili nipumue. Nikajikuta namtazama mama mkwe wangu uso kwa uso, mimi kichwa chini, yeye kasimama. Wakati huo huo kaptura ikapasuka. Haikupasuka kidogo.

Watoto ukutani wakaziba midomo kwa mikono.

Mama Veronika akakitazama kile kitambaa chini. Akanitazama mimi. Nikaona amenijua. Akavuta kikwembe chake akafunika uso, akageuza kiti, akakaa amenipa mgongo. Odila akageuza chake. Halafu wanawake wa mstari wa mbele, kwa huruma, wakageuza viti vyao mmoja baada ya mwingine, na mstari wa pili nao. Wakawa wamekaa wote kama watu wanaoangalia mchezo mwingine uliokuwa upande wa pili. Watoto ndio walioshuka ukutani wakaja karibu.

Aliyeniokoa ni Mwizi wa Ziwa. Ramazani alivua ile kanzu mpya aliyoitaka sana, akabaki na singlendi, akanifunika nayo pale palipohitaji kufunikwa. Akanishika mabega. "Petro," akasema, "lete kamba polepole." Kwake Petro hakubisha. Nikashuka mikononi mwa adui yangu kama mtoto anayetolewa kuoga.

"Unisamehe," Ramazani akaninong'oneza. "Nimesahau maneno yote."

"Nimesikia," nikamjibu.

Nilidhani yameisha hapo, lakini watu walikuwa wanangoja. Mchezo hauna mwisho mpaka samaki warudi, na Mama Zaina alikuwa bado amesimama. Ramazani akalitazama lile tenga. Halafu akainama, akaingiza mikono yake yote miwili kwenye ndakala, akawagawia watoto, kila mmoja alichoweza kushika. Hakuna aliyepiga makofi. Tenga lilipokwisha akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

Mama Veronika akainuka. Akaja akipita kando ya ukuta ili asinione, kikwembe bado usoni upande wangu. Akasimama mbele ya Ramazani.

"Mudogo wako aliitwa nani?"

"Saidi, mama."

"Saidi," mama akarudia. "Pole, mwanangu."

Wanawake wengine wakaja, kila mmoja akataja jina la Saidi na kumpa pole, mpaka mstari ukawa mrefu. Mimi nilikuwa pembeni, nimevaa kanzu ya mwizi, hotuba yangu kichwani, kamili, hakuna aliyeiuliza.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nikakaa chini ya dirisha, nje, kwa sababu mama alikuwa ndani na sikujua ningeingia na uso gani. Nilisikia vyombo. Nilidhani wanafunga mizigo. Halafu sauti ya mama ikatoka dirishani.

"Odila, muulize bwana yako. Aliyekuwa juu njo yeye?"

Odila akatoa kichwa. "Mama anauliza kama aliyekuwa juu njo wewe."

"Ameniona, Odila."

"Anasema njo yeye, mama."

Sauti ya mama ikarudi: "Muulize tena. Maneno ya yule mwizi, nani aliyatunga?"

Odila akainama dirishani mpaka akanikaribia kabisa. "Sema njo wewe," akaninong'oneza. "Mama ameyapenda. Sema njo wewe, Jumanne atapanda treni peke yake."

Siwadanganyi, lile neno lilifika mpaka kwenye meno. Mtoto alikuwa anajisemea mle ndani, ba, ba, ba. Nilikuwa nimemkosa kwa miezi. Lakini nilikumbuka mikono ya Ramazani ndani ya tenga, na nikaona kwamba mtu hawezi kumchukulia mwenzake kitu kama kile na kukiita mchezo wake.

"Mwambie si mimi," nikasema. "Ni habari ya Ramazani, ya kweli. Mimi nilitunga mengine, akayasahau."

Odila akafumba macho. Akamwambia mama.

"Hayo mengine yalikuwa namna gani?" mama akauliza.

"Anataka kusikia uliyotunga," Odila akasema.

Basi nikasimama chini ya dirisha, na kanzu yangu ya mwizi, nikayasema. "Mimi ni Mwizi wa Ziwa. Mimi ni mbaya kuliko wabaya wote. Nitakula samaki wote, mifupa na mikia, ha, ha, ha. Nani ataniweza?"

"Ile ha, ha, ha, uliitunga pia?" Odila akauliza.

"Niliitunga."

Nikasikia mtu mle ndani anakohoa. Nikadhani mama amepaliwa, nikataka kuitisha maji. Hakuwa amepaliwa. Mama Veronika alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mtoto akaanza kulia, akambembeleza huku anacheka, akisema, "Mifupa na mikia, uwii, mifupa na mikia." Siku ya harusi sikumwona hata akitabasamu.

Alipopata pumzi akasema, "Mwambie nitapanda treni peke yangu."

Odila alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Mama anasema..."

"Nimesikia," nikamwambia. Kwa mara ya kwanza leo sikuwa na la kuongeza.

"Na mwambie amwite yule Ramazani, aje ale," mama akasema. "Na yeye mwenyewe avae suruali."

Kwa hiyo jioni hii mama amepika bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na sahani ya Ramazani ameitenga peke yake, bila samaki. Ramazani ameniachia kanzu, anasema yeye sasa haitaki. Mimi naondoka, nisije nikala chakula kilichopoa. Na kesho mtakapokuwa bandarini, nawaomba jambo moja: chekeni kwa zamu, magunia yasije yakalala juani.